Barua ya chifu si kibali cha kukata mukula

Mti wa mukula ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na utomvu huo hukauka kwenye kisiki ukaacha michirizi ambayo mtu wa misitu huitambua akiwa bado mbali. Mkaguzi anayeingia porini upande wa Kasenga hana haja ya kuuliza ni mti gani ulioangushwa. Huuliza karatasi, na hapo vijana wengi, wa vijijini na wa hapa Lubumbashi, hutoa barua yenye muhuri wa chifu, wakiamini kwa moyo mweupe kwamba wameruhusiwa. Hawajaruhusiwa.

Sheria ya misitu ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inasema misitu ni mali ya Serikali. Anayehitaji kufyeka sehemu ya msitu kwa ajili ya mgodi, kiwanda, ujenzi au kilimo anapaswa kupata kwanza kibali cha gavana wa jimbo, kinachotolewa baada ya ofisi ya misitu ya mahali hapo kukubali, na alipe kodi yake. Mkulima anayetafuta chakula cha nyumba yake hadaiwi kibali hicho maadamu eneo analofyeka halijafikia hekta 2, na ni haki iwe hivyo. Nafuu hiyo, hata hivyo, ni ya mihogo na mahindi. Anayekata magogo ya kuuza anahitaji kibali kingine, cha ukataji. Tena kuna mahali ambapo ufyekaji umekatazwa kabisa: mita 50 kila upande wa mto, mita 100 kuzunguka chemchemi, na maeneo yenye hatari ya mmomonyoko au mafuriko.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, mti ulio ndani ya shamba langu si wangu? Ni wako. Sheria hiyohiyo inasema miti iliyo kijijini au kando yake ni mali ya kijiji, na iliyo shambani ni ya mwenye shamba, naye anaweza kumwachia mtu mwingine. Lakini gogo la mukula likishapakiwa kwenye lori kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, umiliki wa shamba hautoshi, kwa sababu tangu 2019 mti huu umo katika Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hauwezi kuvuka mpaka bila hati ya kuusafirisha.

Watu huiogopa faini peke yake, kana kwamba mambo huishia hapo. Mkosaji anaweza kufungwa, kutozwa faini, au yote mawili, na magogo hutaifishwa. Kiasi cha faini kimeandikwa kwa franka zisizopoteza thamani, kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba tarakimu ya mwaka 2002 leo ni pesa ya soda. Zaidi ya hayo, aliyefyeka anadaiwa kupanda upya kwa gharama yake msitu ulio sawa na ule wa kwanza kwa ubora na kwa ukubwa. Kwangu mimi hilo ndilo deni zito kuliko yote, maana miti ya miombo hukua polepole, na anayepanda mche wa mukula akiwa kijana huenda akazeeka kabla haujafaa kupasuliwa mbao.

Inaniuma kwamba anayekamatwa porini karibu kila mara ni kijana mwenye msumeno, huku aliyemtuma yuko mjini. Sheria ya jinai humfikia pia aliyeagiza na aliyesaidia, lakini hilo halimwokoi aliyekata. Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuwasha msumeno omba kukiona kibali chenyewe, usome jina la mwenye nacho, mahali kinapohusu, na tarehe ya mwisho. Ukisimamishwa na mkaguzi, omba kuona amri yake ya kazi, yaani hati iliyomtuma kukagua, na ukilipa chochote dai risiti, kwa sababu pesa iliyotolewa mkononi bila risiti haifungi kesi.

Kijiji nacho kina nafasi mbele ya hakimu: jamii ya mahali inaweza kujiunga na kesi na kudai fidia. Inasaidia sana wazee wakiandika mapema tarehe, idadi ya visiki na namba za magari yaliyobeba magogo, kisha wakapeleka maandishi hayo kwenye ofisi ya mazingira au kwa mwendesha mashtaka visiki vikiwa bado vibichi.