Kila akikasirika mnamuuliza dawa

Wiki hii tena ndugu wamemleta mtu kliniki kwa sababu kakasirika. Hakupiga mtu, hakuvunja kitu, usiku alilala, ugali alikula akamaliza. Alikasirika tu, na kwa watu wa nyumbani hilo lilitosha: "Ugonjwa umerudi, muongezeeni dozi." Kauli hii nimeisikia miaka yangu yote ya uuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kwa wazazi, kwa waume, kwa wachungaji, hata kwa watumishi wenzangu wa wodi nyingine. Nimechoka kuijibu mlangoni, mtu mmoja mmoja. Naijibu hapa.

Nianze na kisa, nimebadilisha mambo ili mwenyewe asitambulike. Mama muuza mawese, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumletea mtu sauti na hofu zisizo za kweli, ametulia muda mrefu kwa sindano ya mwezi. Alipokuwa amelazwa, shemeji yake aliyauza madumu yaliyobaki na mtaji ukaliwa. Mama amerudi, nguvu zimerudi, anauliza hesabu. Shemeji anamjibu: "Kwani leo umemeza dawa?" Hapo akapandisha sauti, wakamleta. Nilikaa naye. Akanitajia madumu yalikuwa mangapi, bei ya dumu msimu ule, na nani alikuja na toroli kuyachukua. Maneno yamepangika, hakuna sauti zinazomsemesha, wala hamshuku mtu kwamba anamwekea sumu. Mama alikuwa anadai pesa yake. Niliyemwita ndani baada yake alikuwa shemeji.

Angalieni swali lile linafanya nini. Mtu akiulizwa dawa kila anapolalamika, anajifunza kwamba kwake hakuna lalamiko la haki. Anaanza kuficha. Anaficha hasira, halafu anaficha na dalili zenyewe, maana anajua akisema "nimesikia sauti tena" kitakachofuata ni kushikwa mikono na kupakiwa kwenye bajaji. Siku ugonjwa unaporudi kweli, wa nyumbani ndio wa mwisho kujua. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa, kubwa kuliko dozi moja iliyorukwa.

Kuna utafiti ambao kila anayeishi na mtu anayepona angepaswa kuusikia. London, George Brown na wenzake waliwafuatilia watu wenye skizofrenia waliotoka hospitali, wakapima jinsi ndugu wanavyomzungumzia mgonjwa: lawama, uadui, na ule ulinzi uliopitiliza wa kumfanya mtu mzima mtoto. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff wakachapisha matokeo yao, na hesabu zao zilipounganishwa na za Brown, waliorudi kwenye nyumba zenye hayo takriban nusu waliugua tena ndani ya miezi 9. Kwenye nyumba tulivu ilikuwa kama 13 katika kila 100. Kwenye zile nyumba zenye lawama, hali ilikuwa mbaya zaidi pale mgonjwa na ndugu walipokaa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki. Haina maana kwamba familia ndiyo inayosababisha skizofrenia, na atakayenukuu makala hii kuwasema wazazi hajanielewa. Wala haina maana dawa ni za kuacha. Maana yake ni kwamba namna ya kuongea na mtu ndani ya nyumba ni sehemu ya tiba, na watu wanaweza kufundishwa.

Shaka yangu iko kwenye zile saa 35. Kwetu ua mmoja una bibi, mashangazi, wajukuu na wapangaji, na saa 35 zinakwisha kabla ya Jumatano. Na mama wa Kigoma akifoka si lazima awe anamchukia mwanawe. Kwa hiyo sihesabu saa. Nasikiliza kama katika ua ule yupo hata mtu mmoja anayemuuliza mgonjwa maoni yake kuhusu jambo lolote lisilo dawa: mchango wa harusi, bati linalovuja, mtoto apelekwe shule gani. Akikosekana, naanzia hapo.

Sasa dawa zenyewe, maana hapa ndipo "muongezeeni dozi" inapoumiza watu.

Mgonjwa ameanzishiwa haloperidoli, mojawapo ya dawa za skizofrenia, au dozi imepandishwa. Siku chache au wiki kadhaa baadaye nyumbani wanaona hatulii. Anakaa, anasimama. Anatembea kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi. Akisimama anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama anakanyaga makaa. Amekuwa mkali, chakula anakiacha nusu. Wanasema ugonjwa umepanda, na kituoni asipokutana na mtu mwenye subira, dozi inapandishwa. Anazidi. Inapandishwa tena.

Hiyo mara nyingi ni akathisia, na inaletwa na dawa. Mtu anahisi ndani ya mwili msukumo usiomruhusu kutulia. Ni mateso, wapo wanaofikia kutaka kufa kwa ajili yake. Ukiongeza dawa iliyoileta unaongeza mateso, kisha mgonjwa anakimbia dawa zote na wewe unamwita mkaidi. Kinachotakiwa ni daktari apunguze dozi au abadilishe dawa, na dawa iitwayo propranololi huwasaidia baadhi. Artane, kidonge cha kupunguza madhara ya dawa hizi ambacho kila mtu anakimbilia kukiomba, kinafaa zaidi kwa mwili uliokakamaa na mikono inayotetemeka. Kwa akathisia msaada wake ni mdogo.

Utazitofautishaje? Uliza. Mimi huuliza hivi: "Kinachokusumbua kiko kichwani au kiko miguuni? Ukitembea unapata nafuu? Kilianza kabla ya dawa hii au baada?" Mwenye akathisia mara nyingi anashika mapaja na kusema ni huku. Mwenye hofu ya kufuatwa atakuambia nani anamfuata. Halafu muache akae kwenye benchi, uongee naye habari za kawaida huku unaangalia miguu. Si kila mara inakuwa wazi. Kuna walio na vyote viwili kwa pamoja, na hapo hata daktari anakwenda kwa kujaribu kidogo kidogo. Lakini asiyeuliza hana hata pa kuanzia.

Mengine nayapitia upesi. Mtu akikuambia jirani amemtegea chombo ukutani, usibishane naye na usimkubalie. Mwambie naona jambo hili linakutisha, usiku umelalaje? Ukihofia anawaza kujiua, muulize kwa maneno yaliyo wazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo, na wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Kuhusu mganga na maombi, sigombani na mtu. Ninachoomba ni kimoja: asifungwe, asinyimwe chakula, na sindano yake asiikose. Wapo waganga tunaoelewana vizuri kwa sharti hilo. Na dada akilalamika kwamba hedhi imekoma au maziwa yanatoka ilhali hana mimba, msimwambie anajitungia. Haloperidoli na risperidoni zinaweza kufanya hivyo, na ni haki yake kusikilizwa.

Turudi kwenye hasira, kwa sababu najua mtakachosema: kuna wakati ugonjwa kweli unarudi, tusubiri hadi avue nguo barabarani? Hapana. Wala siwalaumu kwa woga. Aliyewahi kumtafuta kaka yake usiku kucha ana sababu ya kushtuka. Lakini ugonjwa unaporudi kwa mtu yuleyule, mara nyingi unapita njia ileile. Huyu anaacha kulala kwanza. Yule anaanza kuoga mara nyingi, au kutoa pesa kwa kila apitaye, au kuziba madirisha. Ufundi wa kumsaidia ni kuijua njia yake, na anayeijua vizuri ni mwenyewe. Kaeni naye akiwa mzima, mkubaliane kwa mdomo wake: nikianza hivi na hivi, niambieni, nipelekeni kwa fulani. Kwenye orodha za wagonjwa wenyewe hasira haitajwi mara nyingi kama ndugu zao wanavyoitaja. Usingizi umo karibu kila mara.

Usingizi ndio unaoniweka mimi mwenyewe njia panda. Ziwani kwetu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, siku za giza, na mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika. Nina kijana mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, mvuvi tangu utoto. Kwa mwenye baipola kukesha mfululizo ni kichochezi cha kupanda kinachojulikana vizuri. Kitabu kinasema abadilishe ratiba. Ratiba ya nani? Dagaa hawaji mchana kwa sababu ya baipola.

Kaka zake waliamua wenyewe: asikanyage mtumbwini. Akakasirika, na bila shaka akaulizwa dawa. Nilipokaa nao wote, yeye akiwemo na akisema wa kwanza, alikubali mwenyewe kwamba kupanda kwake kote kulianzia katikati ya giza, siku ya tatu au ya nne ya kukesha. Kaka zake hawakuwahi kumsikia akisema hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Akapendekeza abaki mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, apokee mzigo alfajiri na kusimamia kuanika. Tukaongeza kofia na shati la mikono mirefu, maana anameza klopromazini, na kwenye dawa hiyo jua linaunguza ngozi haraka.

Analala. Lakini mgao wa anayeanika si mgao wa anayevua, na ana mke na watoto. Ameniambia anataka kujaribu kwenda usiku mmoja mmoja, mwanzo wa giza tu, na kulala mchana unaofuata. Kaka zake hawataki. Mimi kama muuguzi ninaogopa, na bado naona ana haki ya kujaribu akijua hatari yake. Tumekubaliana kukutana mbalamwezi ijayo, wanapokuwa wote nchi kavu, yeye aje na mpango wake na kaka zake waje na masharti yao. Nimewaomba jambo moja kabla ya siku hiyo: akipandisha sauti kwenye kikao, wamjibu hoja aliyoitoa.