Samaki wa Kukaanga Bila Gluteni: Unga ni Rahisi, Kazi Iko kwenye Mafuta

Wagonjwa wa siliaki, yaani watu ambao utumbo wao hudhurika wakila gluteni, ninaowahudumia kama mtaalamu wa lishe hapa Mtwara ni wachache, ila karibu wote huniuliza iwapo wameshaagana na samaki wa kukaanga. Hawajaagana naye. Samaki mwenyewe hana gluteni hata chembe. Protini hiyo imo katika ngano, shayiri na rai, na humfikia kupitia unga anaopakwa, viungo anavyokolezwa au mafuta anayokaangiwa.

Kwa mapishi ya kawaida ya pwani, ambapo changu au tasi hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na manjano kisha akatumbukizwa kwenye mafuta, hakuna la kurekebisha. Tatizo huanza pale mpishi anaponyunyiza unga wa ngano ili ngozi isigande kwenye karai, au anapotaka ganda nene.

Kwa ganda hilo nimejaribu nyumbani unga wa mchele, wa muhogo na wa mahindi. Unga wa mchele hutoa ganda jepesi na kavu lisilonyonya mafuta mengi, lakini ukiwa peke yake hupukutika. Wanga wa muhogo huvimba mapema unapopata joto, kwa hiyo hushika ngozi vizuri, ingawa ukizidi ganda hunatanata likipoa. Ninachokipenda ni sehemu 2 za mchele kwa sehemu 1 ya muhogo. Unga wa mahindi nauacha kwa vibua, kwa sababu chenga zake humfunika samaki mwenye nyama laini.

Kuhusu muhogo, usitumie unga usiojua ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu ulipata wagonjwa wa konzo, yaani ulemavu wa miguu unaohusishwa na sumu ya sianidi iliyobaki katika muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo, hasa pale mlo unapokosa protini. Unga wenye mashaka huloweshwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5 ili sumu itoke kama hewa. Kwa kazi yetu hii utaukausha tena na kuuchekecha.

Samaki afutwe maji kabisa kabla ya kupakwa unga, kisha aachwe kidogo hadi unga uonekane umelowa juu ya ngozi. Mafuta yawe na joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la unga uliokorogwa, nalo lipande juu mara moja. Mwanzoni mapovu huwa makubwa na yenye kelele, na yanapopungua na mlio kushuka, maji ya kwenye ganda yamekaribia kwisha na ni wakati wa kumwopoa.

Kinachowaponza wagonjwa wengi ni vitu ambavyo hawavitazami. Mashine inayosaga ngano asubuhi na mchele mchana huchanganya unga, ndiyo maana nashauri mchele uliooshwa na kukaushwa utwangwe kinuni nyumbani. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa ngano, na baadhi ya vidonge vya mchuzi vina ngano pia, kibandiko kisomwe. Kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, na kiasi hicho huvukwa na vumbi dogo tu la unga wa ngano.

Mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa hubaki na gluteni, kwa kuwa joto la karai haliiondoi, na kuyachuja kwa kitambaa hakutoshi. Kwa sababu hiyo hiyo, samaki aliyekwisha kukaangwa sokoni Feri simruhusu kwa mgonjwa wa siliaki hata muuzaji akiapa kwamba hakutumia unga, isipokuwa kama karai na mafuta yake havijawahi kupitiwa na kitu cha ngano. Anunue mbichi, apaliwe magamba pale pale, akakaangwe nyumbani.