Je, wajua kwa nini siku ya pili baada ya haluli choo hakiji?

Mtu hajapata choo tangu Jumanne. Ijumaa jioni tumbo limemjaa, hamu ya kula imekwisha, kila akikaa anahisi uzito kiunoni. Akishuka kwenye daladala anapitia duka la dawa, anaomba vidonge vya haluli, na usiku anameza viwili. Jumamosi alfajiri tumbo linanyonga. Anakwenda chooni mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ni majimaji matupu. Anajisikia mwepesi, anamshukuru Mungu. Jumapili anasubiri choo, hakuna. Jumatatu asubuhi, hakuna. "Limefunga tena," anajiambia, na jioni anameza vingine viwili.

Natamani mtu huyo angeshikwa mkono kabla kidonge hakijafika mdomoni. Jumapili tumbo lake halikufunga. Lilikuwa tupu.

Utumbo mpana ni kama ghala, na ghala hili halijazwi kwa siku moja. Kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 1.5. Kila siku lita 8 hadi 9 za maji huingia katika utumbo mwembamba: tunayokunywa, mate, maji ya tumboni, nyongo. Mengi hunyonywa humo humo. Lita 1.5 hivi ndizo zinazofika utumbo mpana, nao hunyonya taratibu mpaka zibaki mililita 100 hadi 200 tu ndani ya kinyesi. Kazi hiyo huchukua muda. Kwa watu wengi mabaki ya chakula hukaa humo siku moja hadi moja na nusu, na kwa wengine hata siku tatu bila ugonjwa wowote. Yakikaa kupita kiasi, maji huzidi kunyonywa na kinyesi hugeuka vigololi vikavu kama vya mbuzi.

Ndiyo maana wasiwasi wa "sijapata choo leo" mara nyingi hauna msingi. Madaktari huhesabu kuwa kawaida chochote kati ya mara 3 kwa siku na mara 3 kwa wiki. Kufunga choo ni pale unapopata chini ya hapo, au kinapokuwa kigumu, unakamua, unaumia, na ukitoka bado unahisi hujamaliza.

Sasa hiyo haluli hufanya nini? Mtaani jina hili hubebeshwa dawa nyingi ambazo hazifanani kabisa. Chumvi ya haluli huvuta maji kuyaingiza utumboni. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, yana njia yake ya kuuchokoza utumbo mpaka usukume. Ninazozungumzia hapa ni mbili zinazotumika zaidi katika kundi la dawa za kuuamsha utumbo: sanamaki, na vidonge vya bisakodili ambavyo wengi huvijua kwa jina la kibiashara la Dulcolax.

Sanamaki ni dawa ya zamani sana, na jina lenyewe limekuja kwetu kutoka Kiarabu likiwa na maana ya sana ya Maka. Mmea wake huota Sudan, Misri na Bara Arabu, na kusini mwa India hulimwa kwa ajili ya kuuzwa. Majani ya Sudan yalikuwa yakisafirishwa kupitia bandari ya Aleksandria, ndiyo sababu wataalamu wa mimea wakaupa jina la Senna alexandrina. Watu wameyachemsha majani haya kwa karne nyingi bila kujua kilichomo, hadi mwaka 1941 mkemia Arthur Stoll na wenzake huko Uswisi walipozitenga kemikali zinazofanya kazi, ziitwazo senosidi.

Kinachonivutia ni jinsi senosidi zinavyosafiri. Zimefungwa pamoja na sukari, na zikiwa hivyo hazifanyi lolote. Hupita tumboni, hupita utumbo mwembamba wote, zimelala. Zikifika utumbo mpana hukutana na bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao ndio wanaokata kile kifungo cha sukari na kuiachia dawa yenyewe. Kwa hiyo anayekunywa sanamaki saa tatu usiku hupata choo asubuhi, baada ya saa 8 hadi 12, kwa sababu lazima dawa isafiri kwanza.

Bisakodili, iliyoanza kutumika miaka ya 1950, inafika kwa njia nyingine. Kidonge chake kina ganda linalostahimili tindikali ya tumbo na kuyeyuka baadaye utumboni, ambako vimeng'enya vya mwili huigeuza dawa ikawa na nguvu. Huchukua saa 6 hadi 12. Ukiisaga, ukiitafuna au ukiivunja, umeliharibu lile ganda. Na kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya bila kujua: kuimeza kwa maziwa, au kwa chai ya maziwa ya usiku, au pamoja na dawa ya kiungulia. Vitu hivyo hupunguza ukali wa tindikali, ganda likadhani limeshafika utumboni, dawa ikafunguka ndani ya tumbo na kuleta kichefuchefu na maumivu ya bure. Meza kwa maji, na uache angalau saa moja kati yake na maziwa au dawa ya kiungulia.

Zikishaamka, dawa hizi mbili hufanya kazi moja. Huchokoza neva za ukuta wa utumbo mpana ili misuli isukume kwa nguvu, na wakati huo huo huzuia maji yasinyonywe na kumwaga mengine ndani. Ule mnyongo wa alfajiri ni misuli inayosukuma.

Hapo sasa ndipo Jumapili inapoeleweka. Choo cha kawaida cha asubuhi hutoa sehemu ya mwisho tu ya ghala, mzigo uliokwishakauka na kuwa tayari. Nyuma yake kuna wa kesho, na nyuma ya huo wa keshokutwa. Haluli kali haichagui. Hufagia wa leo, wa kesho na wa keshokutwa kwa pamoja, na yale majimaji ya mara ya tatu yalikuwa mzigo ambao haujafika wakati wake. Baada ya hapo ghala linahitaji siku mbili, hata tatu, kujaa tena. Anayemeza vidonge Jumatatu jioni anafagia sakafu iliyo safi. Jumanne atatoa maji na chumvi za mwili, Jumatano na Alhamisi hatapata kitu, naye ataamini kwamba utumbo wake umekufa na hauwezi kazi bila dawa. Wiki ya tatu ataanza kumeza vitatu.

Watu wengi wanaosema wamekuwa watumwa wa haluli wameingia kwa mlango huo, na inaniuma kwa sababu mtu mmoja dukani angeweza kuwaambia neno moja tu: subiri siku tatu.

Na je, ni kweli kwamba dawa hizi huulegeza utumbo moja kwa moja? Hofu hii ni ya miaka mingi. Mwaka 2005 daktari wa Ujerumani Stefan Müller-Lissner na wenzake waliupitia ushahidi uliokuwepo na hawakuona dalili za kutosha kwamba, kwa vipimo vinavyoshauriwa, dawa hizi huharibu neva au misuli ya utumbo. Mwongozo wa 2023 wa vyama viwili vya madaktari wa mfumo wa chakula nchini Marekani umeikubali bisakodili kwa matumizi ya muda mfupi, hadi wiki 4, kwa watu wenye tatizo sugu walio chini ya uangalizi. Wanaotumia sanamaki kwa miezi mingi, ukuta wa utumbo wao unaweza kubadilika rangi ukawa mweusi mweusi. Rangi hiyo haina madhara yanayojulikana na hufifia taratibu mtu akiacha. Hata mkojo unaweza kuwa wa kahawia au mwekundu kidogo siku ya kunywa sanamaki, nao usikutishe.

Kwa mtu mzima aliyefunga choo kwa siku chache, anza na kidonge kimoja cha bisakodili cha miligramu 5 usiku. Kama asubuhi hakikutosha, usiku unaofuata unaweza kumeza viwili. Ukishapata choo kizuri, acha. Maelezo ya dawa hii Uingereza husema usizidishe siku 5 bila ushauri wa daktari, ya Marekani husema wiki moja, na mimi nafuata ya Uingereza, kwa kuwa tumbo lisilofunguka kwa siku tano za dawa lina jambo linalotaka kuchunguzwa. Ipo pia ile ya kuweka kwenye njia ya haja kubwa, ambayo hufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi 60, kwa hiyo usiiweke kisha ukatoka kwenda mjini.

Mtoto usimpe kwa kukisia. Mchanga anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishapita wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kujisaidia na akawa mzima kabisa, mradi ananyonya, anaongezeka uzito na choo kikija ni laini. Mjamzito aulize kliniki kwanza, na mafuta ya mbarika asiyaguse kabisa, kwa kuwa yanaweza kuamsha uchungu.

Ramadhani inahitaji uangalifu wake. Choo hufunga kwa wengi mwezi huo kwa sababu maji hupungua na saa za kula hubadilika. Ukimeza haluli baada ya daku, itakufungua mchana ukiwa huwezi kurudisha maji unayopoteza. Bora kuanza na maji ya kutosha baada ya futari, tende, papai, maharage na mboga za majani. Kama ni lazima dawa, meza mapema baada ya futari, ukiwa na usiku mzima wa kunywa.

Kuna matumizi mengine ambayo naomba kwa moyo wote yaachwe. Zipo chai za kupunguza tumbo na za kusafisha mwili zinazouzwa mitandaoni kwa wasichana, na nyingi zimetengenezwa kwa sanamaki. Hazipunguzi mafuta. Nguvu ya chakula hunyonywa katika utumbo mwembamba, na dawa hizi hufanya kazi katika utumbo mpana, baada ya chakula kushanyonywa. Kilo inayopungua kwenye mizani ni maji, na hurudi ukinywa. Visivyorudi kirahisi ni chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo ikishuka misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya presha au moyo, au dawa ya moyo ya digoksini, yuko hatarini zaidi. Matumizi mabaya ya namna hii yaliifanya mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, kutangaza Agosti 2020 kwamba maduka ya kawaida yauze pakiti zisizozidi vidonge 20, na kwa waliotimiza miaka 18 tu.

Kuna pia siku ambayo haluli haitakiwi kabisa. Kama pamoja na kukosa choo kuna maumivu makali, kutapika, tumbo linalozidi kuvimba, na hata ushuzi hautoki, utumbo unaweza kuwa umeziba. Huku Afrika Mashariki utumbo kujisokota ni miongoni mwa sababu zinazojulikana vizuri na madaktari wa upasuaji. Kuuchapa utumbo uliosokotwa ili usukume kunaweza kuupasua. Vivyo hivyo maumivu yanayohamia upande wa kulia chini ya kitovu, ambayo yanaweza kuwa ya kidole tumbo. Hospitali, usiku huo huo. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kuanza kubadilika ukiwa umepita miaka 50 visizibwe na vidonge hata kama tumbo haliumi. Wengi husema ni bawasiri na kuchelewa.

Wapo wanaofunga choo kwa sababu ya dawa nyingine, kama vidonge vya kuongeza damu au tramado ya maumivu, na mara nyingi kuongea na aliyeziandika hutosha. Lakini yupo mgonjwa mmoja ambaye hesabu ya siku 5 haimhusu: anayetumia mofini kwa ajili ya maumivu ya saratani. Mofini huupooza mwendo wa utumbo, na wakati kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza hupungua mwili ukizoea, kufunga choo hakupungui. Shirika la Afya Duniani limeiweka sanamaki katika orodha yake ya dawa muhimu, kwenye sehemu ya tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, kwa sababu ya watu kama hao. Wao huhitaji haluli kila siku, tangu siku ya kwanza ya mofini. Kama mzee wenu amerudishwa nyumbani na chupa ya mofini bila dawa ya choo, rudini mkaulize kesho yake asubuhi, msisubiri tumbo limuume.