Mgongo uliopinda ukubwani: upasuaji ufanywe lini?

Mtu mzima akiambiwa mgongo wake umepinda, ushauri humfikia wa namna mbili. Wapo watakaomhimiza awahi kupasuliwa kabla mambo hayajaharibika, na wapo watakaomwapia kuwa anayepasuliwa mgongo huishia kwenye kiti cha magurudumu. Wote wanamtisha, na aliyetishwa huamua vibaya. Isipokuwa pale mishipa ya fahamu inapobanwa, mgonjwa huwa na muda wa kuuliza, kupimwa na kujiandaa, na muda huo una kazi yake. Tuyapime maneno yanayosikika mara nyingi.

"Ukishapinda utazidi kupinda, pasua sasa."

Hili ndilo linalowakimbiza wengi. Mpindo wa kwenda ubavuni hupimwa kwenye eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama, na ukiwa chini ya nyuzi (digrii) 10 hauitwi hata skoliosisi, jina la kitabibu la mpindo huo. Mwaka 1983 Stuart Weinstein na Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi watu waliopinda mgongo wangali wanakua. Mpindo uliokuwa chini ya nyuzi 30 mwili ulipokoma kukua, kwa kawaida ulibaki palepale. Mpindo wa kifuani wa kati ya nyuzi 50 na 75 ndio ulioendelea, karibu nyuzi 1 kwa mwaka. Taarifa nyingine ya Iowa ya mwaka 2003, iliyotazama wagonjwa wasiotibiwa baada ya miaka 50, ilionyesha kuwa maumivu ya mgongo walikuwa nayo zaidi ya wenzao, lakini wengi walikuwa wamefanya kazi na kuendesha maisha yao.

Kwa hiyo mwenye nyuzi 35, asiye na ganzi wala udhaifu wa miguu, anahitaji kwanza picha za kulinganisha. Tofauti ndogo isimtie hofu. Wapimaji wawili wa picha ileile wanaweza kupishana kwa nyuzi 5 hivi, hivyo kutoka 38 hadi 41 hakuthibitishi kwamba mgongo umesogea. Eksirei ya miaka iliyopita usiitupe kamwe, maana ndiyo inayojibu swali hili.

"Nyuzi ndizo zinazoamua."

Kwa mtoto anayekua, nyuzi zina uzito mkubwa. Kwa mtu mzima swali hubadilika: je, anaweza kusimama wima na kutembea? Utafiti wa Steven Glassman na wenzake uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba kiwiliwili kuelemea mbele huambatana zaidi na maumivu na kushindwa kufanya kazi kuliko ukubwa wa mpindo wa ubavuni. Madaktari huchora mstari wa wima kutoka pingili ya saba ya shingo, na ukiangukia zaidi ya sentimita 5 mbele ya mfupa wa chini wa mgongo, mwili umeanza kupoteza ulinganifu. Nyumbani utamtambua anayeelemea mbele kwa mengine: anakunja magoti ili asimame wima, anashika meza akipika, anatembea akitazama chini. Huyu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kupasuliwa ingawa nyuzi zake ni chache, kuliko mwenye nyuzi nyingi anayelima bila shida.

Kuna pia mgongo unaopinda kwa uchakavu baada ya miaka 50. Hapo mara nyingi njia ya mishipa ya fahamu huwa imebana, na miguu huuma au kufa ganzi mtu akitembea, kisha hutulia akiketi au akiinama. Baadhi ya wagonjwa hawa hutosheka na upasuaji mdogo wa kuipanua njia hiyo bila kunyoosha mgongo mzima.

"Subiri mpaka ushindwe kabisa kutembea."

Hii naiona mbaya kuliko zote. Mishipa ya fahamu iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi hata baada ya kuachiwa. Mkojo ukigoma au ukitoka bila hiari, ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, au miguu ikizidi kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kwetu Afrika Mashariki lazima kifua kikuu cha mgongo kitajwe. Kibiongo kinachojitokeza kwa mtu mzima pamoja na kukonda, homa na jasho la usiku kisihesabiwe uzee wala kurogwa. Dawa ndizo msingi wa tiba, na wengi hupona kwazo bila kisu. Lakini pingili zikiporomoka au miguu ikilegea, upasuaji usicheleweshwe, kwa sababu kukinyoosha kibiongo kilichokwisha kuganda ni kazi ngumu na ya hatari zaidi. Kibiongo kikali kinaweza kubana mishipa miaka mingi baada ya ugonjwa wenyewe kupona.

"Umri umeshapita." Umri peke yake haumzuii mtu. Udhaifu wa mwili una uzito kuliko mwaka wa kuzaliwa, na wazee waliochaguliwa vizuri hupata nafuu ya kweli. Hata hivyo, hatari huongezeka na umri, nayo si ndogo: maambukizi, vyuma vinavyofungwa kushikilia pingili hadi ziungane kukatika, pingili ya juu ya vyuma kuporomoka, kurudi tena chumba cha upasuaji.

"Daktari akisema rudi baada ya miezi kadhaa, anakuzungusha."

Mara nyingi anakulinda. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku huzuia mifupa kuungana, basi sigara iachwe mapema. Sukari isiyodhibitiwa hukaribisha usaha kwenye kidonda. Skrubu hulegea kwenye mfupa uliodhoofika, ndiyo sababu mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi hupimwa uimara wa mifupa, na akihitaji hupewa dawa za kuiimarisha miezi kabla ya kisu. Upungufu wa damu na lishe duni hurekebishwa pia kabla.

Miezi hiyo itumike vilevile kuuliza maswali ya nyumbani. Pingili zikiunganishwa hadi kwenye nyonga, kiuno hakikunjiki tena kama zamani. Muulize daktari kama utaweza kuchuchumaa chooni, kuketi mkekani, kusujudu, kuinama kupanda mahindi. Muulize nani atakayekuona mwaka mmoja baadaye, kwani mifupa huchukua miezi 6 hadi 12 au zaidi kuungana. Kisha zungumza na familia kuhusu nani atakayechota maji na kubeba mizigo kwa muda huo, na kama ni mkulima, omba tarehe iwekwe baada ya mavuno.