Ufa wa Jengo la Kale Unazibwa kwa Kitu Gani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna methali tunayoirudia zaidi sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi majengo ya kale, ila wahenga hawakusema ufa wenyewe uzibwe kwa kitu gani. Labda hawakuona haja, maana fundi wa enzi hizo alichanganya chokaa, mchanga na udongo, basi. Saruji ya Portland tunayoinunua leo kwa mifuko ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Majengo mengi tunayoyaita urithi wa taifa yalikuwa yamesimama kabla ya hapo, na hayajawahi kupatana nayo.

Niliwahi kuitwa kukagua nyumba ya mawe ya zamani iliyokarabatiwa miaka michache tu nyuma. Kwa nje ilivutia: lipu mpya, rangi nyeupe, kona zimenyooka. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Fundi akachokonoa kwa patasi, kipande cha lipu kikabanduka kizima, kipana kama sinia, na nyuma yake mchanga ukaanza kumiminika. Mchanga ule ndio uliokuwa chokaa ya kushikia mawe. Ilikaa vizazi na vizazi bila tatizo, ikaja kusagika ndani ya misimu michache tu, ikiwa imefunikwa na lipu ya saruji iliyopigwa kwa nia njema na kwa fedha nyingi.

Kilichotokea ni hiki. Ukuta wa zamani hauna kitu cha kuzuia unyevu pale kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi, na hupanda na chumvi. Chokaa ina vitundu vingi vidogo, kwa hiyo maji hufika usoni mwa ukuta yakakauka, na chumvi hubaki hapo kama unga mweupe wa kufagia. Lipu ya chokaa huchakaa kwa mchezo huo, nasi hupiga nyingine. Lakini ukuta ukivishwa saruji, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, na chumvi hugandia ndani kwa ndani. Chembe zake hukua ndani ya vile vitundu hadi zikavipasua. Isitoshe, saruji ni ngumu na ukuta wa zamani hucheza kidogo jua likiwaka na usiku ukipoa. Chokaa hufuata mchezo huo. Saruji hufanya nyufa nyembamba kama nywele, mvua huingia humo na haitoki.

Ndiyo maana sisi husisitiza kwamba kinachounga mawe kiwe laini kuliko mawe yenyewe. Lazima kitu kiharibike siku moja, basi na kiharibike kile kinachobadilishika.

Chokaa nayo ina masharti yake. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na kinachotoka ni chokaa hai. Ukiitia maji huchemka yenyewe bila moto, inafuka mvuke, na tone likiruka jichoni linaweza kupofusha. Asiye na miwani ya kazi asisogee. Uji wake mzito hutunzwa chini ya maji kwa miezi, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kulainika. Ukishapakwa ukutani hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, polepole, kuanzia usoni kwenda ndani. Ukikaushwa haraka na jua hubaki kama chaki, ukipitisha kidole unabomoka. Kwa hiyo mafundi hutundika magunia yaliyoloweshwa, hupaka tabaka jembamba, hungoja, hupaka jingine. Mkandarasi aliyepewa wiki sita hana subira hiyo. Kazi nyingi huharibikia kwenye karatasi ya mkataba, kabla hata koleo halijagusa mchanga.

Saruji isilaumiwe peke yake, lakini. Huko Athens, Ugiriki, mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Nikolaos Balanos aliyaunga mawe ya hekalu la kale la Parthenon kwa vibano vya chuma. Wajenzi wa karne ya 5 kabla ya Kristo nao walitumia chuma, ila walikimiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili kisipate kutu. Vya Balanos vilishika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru ambayo alikuja kuiokoa. Mawe mengine aliyaweka mahali pasipo pake. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 imekuwa ikifumua kazi hiyo na kuweka vibano vya titani.

Makosa ya aina hiyo ndiyo yaliyowakutanisha wataalamu Venice mwaka 1964. Hati waliyoitoa bado tunaifuata: matunzo yawe ya kudumu, na ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Inataka pia kipande kipya kipatane na jengo, lakini mtu akikitazama vizuri akijue kuwa ni kipya. Wageni hutulalamikia kwamba kiraka kinaonekana. Naam, kimekusudiwa kionekane.

Hapo ndipo Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, unapotia watu mashaka. Ulijengwa mwaka 1907 kwa matofali ya udongo, na wakazi hukutana kila mwaka kuukandika upya, wakiongozwa na waashi wa mji. Udongo unaouona usoni leo ni wa juzi. Je, ni jengo la kale? Kwangu mimi ni la kale kuliko magofu mengi yaliyozungushiwa uzio, kwa sababu ujuzi wa kulitunza haujakatika. Maziara ya Timbuktu, huko huko Mali, yalipobomolewa na makundi yenye silaha mwaka 2012, waashi wa mji wakayainua tena kufikia 2015. Kama waashi wale wangekuwa wameacha kazi, fedha za wafadhili zingeishia kwenye vibao. Taifa lenye orodha ya majengo yake ya kale linapaswa kuwa na orodha ya pili, ya mafundi wanaoyajua na vijana wanaojifunza kwao. Nchi nyingi zina ile ya kwanza tu.

Halafu kuna bajeti. Fedha hupatikana ukuta ukianguka, maana picha zake hutoka magazetini. Kuzibua mifereji ya paa hakuna mgeni rasmi wa kukata utepe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kuta zikiporomoka na bahari ikila ufuko. Yalitolewa mwaka 2014. Kazi iliyoyatoa ilikuwa ya kung'oa miti iliyoota ukutani, kushikiza mawe yaliyolegea, kuizuia bahari na kuwashirikisha wakazi.

Kwa anayeishi ndani ya nyumba ya kale, au anayeitunza kwa niaba ya umma, ushauri wangu wa kwanza ni kutoka nje mvua ikinyesha, ukiwa na mwavuli, kuangalia maji yanaangukia wapi. Piga picha ya kila ukuta kabla fundi hajagusa chochote. Ukiona ufa usiuzibe kwanza. Bandika juu yake kipande chembamba cha jasi, kikae pande zote mbili za ufa, na uandike tarehe hapo hapo kwa penseli. Kikipasuka, ufa unatembea, na shida iko kwenye msingi au paa. Hapo ita mtaalamu. Kikimaliza misimu miwili ya mvua kikiwa kizima, basi ufa umelala, na chokaa inatosha.