Skripti ya bahasha katika programu za Python

Skripti ya bahasha ni faili dogo linalotangulia programu yenyewe, ili mtumiaji aandike jina moja tu kwenye terminali na programu ianze. Katika Python aghalabu hakuna mtu anayeliandika kwa mkono. Mtunzi wa programu hutangaza ndani ya pyproject.toml, faili la maelezo ya mradi, katika sehemu ya [project.scripts], kwamba amri fulani iite kitendakazi fulani, tuseme pima = "pima.kuu:anza", na zana ya kusakinisha huzalisha faili ambalo kwa ufupi huwa hivi:

#!/usr/bin/python3
import sys
from pima.kuu import anza
sys.exit(anza())

Kwa anayefungasha programu hiyo iingie katika mfumo wa Linux kama Debian au Fedora, kazi kubwa imo katika mstari wa kwanza. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikikuta alama #! huendesha kitafsiri (programu inayosoma na kutekeleza msimbo, hapa Python) kilichotajwa baada yake na kukikabidhi skripti, na kitafsiri hicho ndicho kinachoamua maktaba zitafutwe katika folda zipi. Watunzi wengi hupenda kuandika /usr/bin/env python3, maana yake python3 yoyote itakayotangulia kuonekana katika PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Kwenye kompyuta ya mtunzi jambo hilo ni rahisi na linafaa; katika kifurushi cha mfumo ni mtego, kwa sababu mtumiaji aliyewasha mazingira pepe ya mradi wake (folda yenye Python na maktaba za mradi huo peke yake) ataiendesha programu ya mfumo kwa kitafsiri kisichozijua maktaba za mfumo, naye ataambiwa kwamba moduli haipo ilhali imesakinishwa. Ndiyo maana mifumo hiyo miwili huelekeza njia kamili iandikwe. Fedora huongeza pia alama -s, ili maktaba ambazo mtumiaji amejiwekea katika folda yake ya nyumbani zisiingilie kati.

Kosa la kinyume chake hutokea pale kifurushi kinapojengwa ndani ya folda ya muda: njia ya folda hiyo hubaki katika mstari wa kwanza, folda hufutwa, na kesho yake terminali inalalamika kwamba faili halipo, wakati skripti iko pale pale mbele ya macho. Kinachokosekana ni kitafsiri. Njia ikiwa ndefu mno nayo huleta taabu, kwani kabla ya toleo la 5.1 kerneli ilisoma baiti 128 tu za mwanzo wa faili. Sasa husoma 256.

Nix na Guix, mifumo mingine ya kusimamia vifurushi, zina haja ya ziada, kwa kuwa kila maktaba hukaa katika folda yake yenyewe na kitafsiri hakiwezi kuzikisia zote. Guix huibadilisha skripti jina iwe .pima-real, kisha huweka mahali pake skripti ya shell inayojaza kigeu cha mazingira kiitwacho GUIX_PYTHONPATH, chenye orodha ya folda za maktaba, na kuiita ile ya awali. Njia hii inaeleweka kwa urahisi, lakini kigeu cha mazingira hurithiwa na kila mchakato mtoto, hivyo pima ikiita programu nyingine ya Python, nayo hupokea maktaba zisizo zake. Nix huziandika njia za maktaba ndani ya msimbo wa skripti yenyewe, ambako hazirithiwi, na hapo hapo husahihisha sys.argv[0], yaani jina ambalo programu hujiona imeitwa kwalo, ili ujumbe wa msaada usitaje .pima-wrapped, jina ambalo Nix huipa skripti ya awali. Kwa maoni yangu hilo ndilo suluhisho safi zaidi, ingawa msimbo unaochomekwa haupendezi kuusoma.

Bahasha juu ya bahasha ni tatizo jingine: programu ya Python yenye madirisha ya GTK (maktaba ya kuchora madirisha na vitufe) huweza kuvikwa bahasha mara mbili, na zana mbili tofauti. Katika Nix dawa yake ni kuizuia zana ya GTK isiivike bahasha, kisha kuzipitisha hoja zake kwenye bahasha ya Python.

Gentoo, mfumo mwingine wa Linux, unaoruhusu matoleo kadhaa ya Python kukaa pamoja, huifanya /usr/bin/pima kuwa kiungo tu kinachoelekea programu ndogo ya python-exec, nayo huchagua skripti ya toleo linalofaa chini ya /usr/lib/python-exec.

Kabla ya kukitoa kifurushi, endesha env -i /usr/bin/pima --help, ukitaja njia kamili ya mahali programu ilipo. Amri hiyo huondoa vigeu vyote vya mazingira. Programu ikianguka, ilikuwa inategemea kitu kilichokuwa kwenye terminali yako peke yako.