Kwa nini programu ya duka husema "rekodi imefungwa" wakati aliyeifungua ameshaondoka?

Je, wajua kwamba ule ujumbe unaowakera makeshia, "rekodi hii inatumiwa na mtu mwingine", unaweza kuganda kwenye kioo kwa saa mbili ilhali huyo mtu mwingine ameshafika nyumbani na kompyuta yake imezimwa? Sababu ipo, na mwenye duka akiijua hatakimbilia kuzima seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, katikati ya mauzo.

Tuanze na kufuli lenyewe, yaani kinga inayozuia watu wawili kubadilisha rekodi moja kwa wakati mmoja. Chukua duka la jumla la nafaka pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, lenye stoo Uyole, na kote wanatumia kanzidata moja, yaani hifadhi moja ya rekodi zote iliyoko kwenye seva. Stoo ina magunia 40 ya mchele wa Kyela. Keshia wa Mwanjelwa anaona 40, anauza 10. Muda huohuo karani wa Uyole naye anaona 40, anatoa 15. Wa kwanza anaandika salio 30, wa pili anaandika 25 juu yake. Kwenye kompyuta yamebaki 25, stoo yamebaki 15. Magunia 10 hayajaibwa na mtu yeyote, lakini siku ya kuhesabu mali kuna kijana atakayedaiwa. Kwa sababu ya kijana huyo, nalitetea kufuli. Linamlazimisha karani asubiri keshia amalize, asome 30, ndipo atoe 15 zake.

Kanuni hii ina umri. Mwaka 1976 watafiti wanne wa kampuni ya kompyuta ya IBM, akiwemo Jim Gray, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba hesabu hubaki salama iwapo muamala (kazi moja kamili ya kanzidata, kama kurekodi mauzo), ukishaanza kuachia makufuli yake, hauchukui jingine jipya. Gray alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya kanzidata na miamala.

Sasa, kwa nini kufuli linaganda? Mara nyingi mtu amefungua ankara ili airekebishe, akaenda kunywa chai. Hapo dawa ni sauti tu: "Dada, hebu toka kwenye ile ankara ya mteja wa Tukuyu!"

Kinachosumbua zaidi ni umeme na mtandao, hasa msimu wa mvua. Umeme ukikatika Uyole, kompyuta ya karani inazimika ghafla, lakini seva ya Mwanjelwa inaendelea kufanya kazi. Hakuna aliyeiaga. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, seva huvumilia ukimya wa sekunde 7,200, yaani saa mbili, kabla ya kuanza kuuliza kama upande wa pili bado uko hai. Muda wote huo inamtunzia karani kufuli lake. Kubonyeza tena na tena hakusaidii. Kwenye MySQL, mojawapo ya programu za kanzidata, anayesubiri hukatiwa baada ya sekunde 50 kwa mpangilio wa kawaida, lakini aliyeshika kufuli haguswi.

Kuna pia mkwamo wa pande mbili: mmoja ameshika mchele anataka maharage, mwenzake ameshika maharage anataka mchele. Huu usikutishe. Programu nyingine za kanzidata huutatua zenyewe: PostgreSQL huanza kuuchunguza baada ya sekunde moja ya kusubiri, SQL Server hukagua kila sekunde 5, kisha muamala mmoja hufutwa ili mwingine upite. Aliyefutiwa anarudia kazi yake.

Kufuli likiganda kweli, fundi afungue orodha ya waliounganishwa na seva. Ataona jina la mtumiaji, kompyuta yake, na muda alioanza. Mpigie simu mhusika kwanza, kwa maana huenda yumo katikati ya kazi. Akithibitisha hayumo, fundi akate muunganisho huo mmoja tu. Kanzidata yenyewe itarudisha nyuma kilichokuwa hakijakamilika, na kilichokwisha kuhifadhiwa hakitaguswa. Kuzima seva nzima ni kuwakatia kazi wote kwa kosa la mmoja, na sioni kwa nini mafundi wanaendelea kulipendekeza.

Tena wakati mwingine kuzima hakusaidii kabisa. Baadhi ya programu za biashara haziachii kanzidata kazi ya kufunga, bali huandika zenyewe ndani ya jedwali kwamba "ankara hii iko kwa fulani". Maandishi hayo yanabaki hata seva ikizimwa na kuwashwa. Huondolewa kwa menyu ya msimamizi, na kama menyu haipo, mpigie aliyekuuzia. Wanaotumia Microsoft Access, programu ndogo ya kanzidata, nao wana faili dogo la kufuli lenye mwisho wa .laccdb. Lisifutwe hata kidogo kama kuna mtu bado yumo ndani.

Kwa duka la matawi mawili, ningenunua kwanza UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) ya kompyuta ya stoo, kisha ningemwomba fundi apunguze zile saa mbili ziwe dakika chache. Na kabla ya kulipia programu mpya, mwulize muuzaji: rekodi inafungwa mtu anapoifungua tu, au pale anapohifadhi? Zile zinazofunga wakati wa kuhifadhi mara nyingi huweka namba ya toleo kwenye kila rekodi. Karani akitaka kuhifadhi, programu inalinganisha namba, inamwambia kwamba salio limebadilika kutoka 40 hadi 30, na inampa nafasi ya kuanza upya na salio sahihi.